Jina Moja, Foleni Mbili: Kisa cha Seva ya Printa katika Ofisi ya Wakala wa Forodha, Tanga

Ofisi inayochambuliwa hapa ni ya wakala wa kutoa na kusafirisha mizigo mjini Tanga, yenye jengo la ofisi upande mmoja wa uwanja wa malori na ghala upande wa pili. Sehemu kubwa ya maombi ya forodha siku hizi hupita katika mifumo ya kielektroniki, na mtu wa nje angedhani kwamba karatasi imekwisha kazi yake. Lakini dereva wa lori hatoki getini kwa kuonyesha kioo cha kompyuta ya karani. Anahitaji kibali cha kutoka chenye namba na muhuri, hati ya makabidhiano, orodha ya vifurushi na nakala za ankara, na kila karatasi kati ya hizo hutiwa saini na mtu anayeisubiri akiwa amesimama. Printa zikinyamaza katika ofisi ya namna hii, malori yanasimama, vibarua wa ghalani wanakaa, na gharama za kuchelewesha mzigo zinaanza kuhesabiwa kwa jina la mteja.

Printa zilikuwa 14, zote zikihudumiwa na seva moja ya Windows iliyokaa katika chumba kidogo nyuma ya dawati la uhasibu. Mimi nilikuwa mmoja wa mafundi wawili wa ofisi hiyo. Ninaandika kisa hiki kwa sababu uamuzi wa kwanza tulioukaribia, ambao kila mtu aliuona kuwa ndio wenye akili, usingetusaidia lolote siku ile tuliyoumia, na nadhani ofisi nyingi za hapa kwetu zimesimama mahali hapo hapo tulipokuwa sisi.

Tatizo lilitokea Jumatatu moja ya masika. Meli ilikuwa imefunga gatini tangu mwisho wa juma, na madereva walianza kujipanga mapema. Kabla ya saa tatu asubuhi printa zote zilinyamaza kwa pamoja. Mkuu wa dawati la nyaraka, mama mtu mzima ambaye ofisi nzima humwita Bi Mkubwa, alinipigia simu.

“Mwanangu, madereva wanapanda ngazi mmoja mmoja kuja kuniuliza, na mimi sina cha kuwapa.”

“Shikamoo, Bi Mkubwa. Nipe dakika kumi.”

Dakika hizo kumi ziligeuka kuwa muda wa saa mbili na nusu, na ni haki nieleze zilikwenda wapi.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba seva yenyewe ilikuwa nzima. Ilijibu mtandaoni, diski zake zilikuwa na nafasi, na mafaili ya uhasibu yaliyohifadhiwa humo yalifunguka bila shida. Kilichokufa kilikuwa huduma moja tu, ile inayopokea kazi kutoka kwa kompyuta za watumiaji, kuzipanga foleni na kuzipeleka kwenye printa, ambayo mafundi tunaiita spula. Nikaiwasha. Ikakaa kidogo, ikaanguka. Nikaiwasha tena, ikaanguka tena. Kwa kawaida Windows imepangiwa kuiinua spula yenyewe mara ya kwanza na ya pili inapoanguka, kisha huiacha ilale. Kwa hiyo nilipofika mimi ilikuwa imeshajaribu kujiinua na kushindwa kabla sijagusa kitu. Nikafanya kile ambacho fundi aliyebanwa na muda hukifanya: nikazima seva nzima na kuiwasha upya. Ilirudi, printa tatu zikatoa karatasi, watu wakashangilia, na baada ya dakika moja ukimya ukarudi.

Sababu ya tabia hiyo ni ya msingi, na ndiyo iliyobeba uamuzi wetu wote wa baadaye. Spula haihifadhi foleni katika kumbukumbu ya muda peke yake. Kila kazi inayotumwa huandikwa diskini, katika folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kwa mafaili mawili: moja la aina ya SPL lenye maudhui yanayochapishwa, na jingine la aina ya SHD lenye maelezo ya nani ametuma, kwenda printa ipi na kwa mpangilio gani. Mpango huo ni mzuri, maana umeme ukikatika kazi hazipotei. Spula ikiamka husoma folda hiyo na kuendelea pale ilipoishia. Lakini kama miongoni mwa kazi hizo imo moja inayoiangusha spula, basi spula huamka, huisoma kazi ile ile, na huanguka tena. Kuzima na kuwasha hakuondoi kitu.

Kazi yenye kosa ilikuwa lebo za ghalani. Ijumaa iliyotangulia tulikuwa tumeweka draiva mpya ya printa ya lebo, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa hiyo, na lebo za kwanza kutumwa kwa draiva hiyo zilikuwa za asubuhi hiyo. Draiva ilishindwa kuisoma kazi, na kwa kuwa ilikuwa inaendeshwa ndani ya mwili wa spula yenyewe, ilipoanguka iliivuta spula chini pamoja na printa nyingine 13 zisizohusika. Nilipolielewa hilo, tiba ilikuwa ya dakika chache: kuisimamisha spula, kuyahamisha mafaili yote ya folda ile kwenda folda nyingine, kuiwasha spula ikiwa na foleni tupu, na kuirudisha draiva ya zamani. Muda mrefu uliopotea ulipotea kabla ya kuelewa.

Jioni ya siku hiyo mkurugenzi aliitisha kikao na kuuliza swali la halali kabisa: kwa nini ofisi nzima inategemea mashine moja? Jibu lililokuja haraka, nami nilikuwa miongoni mwa walioliunga mkono, lilikuwa kununua seva ya pili na kuziunganisha mbili hizo zifanye kazi kama kitu kimoja, ili moja ikianguka nyingine ichukue.

Kuna njia mbili zinazojulikana za kufanya hivyo katika Windows. Ya zamani ni klasta ya spula, klasta ikiwa ni kundi la seva zinazofanya kazi kama moja. Mpaka toleo la Windows Server 2008 R2, spula iliweza kuwekwa ndani ya klasta, ikawa na jina lake na anwani yake, na folda ya foleni ikakaa kwenye diski inayoshirikiwa na seva zote mbili. Kuanzia Windows Server 2012, Microsoft iliiacha njia hiyo na kupendekeza ya pili: seva ya printa iwe mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya mashine halisi inayoitwa mwenyeji, na mashine pepe hiyo iwekwe juu ya klasta ya Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendeshea mashine pepe, ili mwenyeji mmoja akifa mashine pepe iinuke kwa mwenyeji wa pili ikiwa na jina lile lile, diski ile ile na foleni ile ile. Klasta inaweza pia kuichunguza spula iliyo ndani ya mashine pepe, na ikiiona imeanguka na imeshindwa kurudi, ikaiwasha upya mashine nzima au kuihamishia kwa mwenyeji mwingine.

Njia hizo ni za heshima, na kwa ofisi ambayo hofu yake ni kuharibika kwa chuma, yaani ubao wa mashine kuungua au kisambaza umeme chake kufa, mashine pepe inayohama ni jibu jema. Nilikaa nayo siku mbili nikiichora kwenye karatasi. Kisha mwenzangu, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, akauliza swali ambalo nilipaswa kulianza mimi: “Kaka, Jumatatu ile tungekuwa nayo hii, ingekuwaje?”

Tukaifuatilia hatua kwa hatua. Spula ingeanguka. Klasta ingeona imeanguka na kuiinua. Ingeanguka tena. Klasta ingeihamishia mashine pepe kwa mwenyeji wa pili, na mashine pepe ingekwenda na diski yake, na ndani ya diski yake folda ya foleni, na ndani ya folda ile kazi ya lebo ikiisubiri spula iamke. Tungekuwa tumenunua seva mbili na hifadhi ya diski ya pamoja, vitu ambavyo bei yake ilikuwa juu ya bajeti ya mwaka ya kitengo chetu, ili tuangukie mahali pale pale tukiwa upande wa pili wa chumba. Kilichokufa siku ile ni foleni na draiva. Akiba inayorithi foleni ile ile na draiva ile ile ingerithi pia ugonjwa ule ule.

Hapo mpango ulibadilika. Tulichohitaji ni seva mbili zisizojuana: kila moja na spula yake, diski yake, folda yake ya foleni na draiva zake. Kitu pekee ambacho zingeshirikiana ni jina ambalo watumiaji wanalijua.

Jina hilo ndilo lilikuwa kiini cha kazi. Kompyuta zote za ofisi zilikuwa zimeunganishwa na printa kupitia jina halisi la seva, na kulibadilisha kulimaanisha kutembelea kila dawati. Tukaamua kwamba tutatembea mara moja tu. Tulianzisha katika DNS, huduma ya mtandao inayogeuza majina kuwa anwani za mashine, jina la lakabu, “chapa”, likielekezwa kwa seva ya kwanza, ambayo nitaiita A. Kisha tukaziunganisha upya kompyuta zote kupitia lakabu hiyo. Tangu hapo mtumiaji hajui wala hahitaji kujua seva ipi iko nyuma ya “chapa”. Siku A ikiharibika, tunaigeuza lakabu ielekee B.

Katika maelezo ya kawaida mambo huishia hapo, na fundi anayeishia hapo atapata aibu siku ya haja, kwa sababu lakabu peke yake haitoshi. Kwanza, seva ya Windows ikiitwa kwa jina ambalo si lake inaweza kukataa kuitika. Ili iitike ilibidi tubadilishe rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, katika seva zote mbili: thamani ya DisableStrictNameChecking kwa upande wa mafaili yanayoshirikiwa, na DnsOnWire kwa upande wa uchapishaji, ambayo huiambia spula ikubali kutafuta katika DNS jina ililoitwa nalo. Bila hiyo ya pili, mtumiaji huweza kuiona orodha ya printa chini ya lakabu na bado akashindwa kuiunganisha hata moja, jambo ambalo humpotezea fundi asubuhi nzima akitafuta kosa lisilokuwepo kwenye ruhusa.

Pili, kuna uthibitisho wa utambulisho. Katika mtandao wenye Active Directory, orodha kuu ya Microsoft ya watumiaji na kompyuta za ofisi, kompyuta inapotaka huduma ya “chapa” huomba kwa jina hilo tiketi ya Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho, na tiketi hufungwa kwa ufunguo wa seva iliyosajiliwa kumiliki jina la huduma hiyo. Jina moja la huduma halipaswi kusajiliwa kwa seva mbili kwa wakati mmoja. Likisajiliwa mara mbili, Kerberos inashindwa kutoa tiketi sahihi. Kwa hiyo kuigeuza lakabu kuelekea B bila kuhamisha usajili wa jina kutoka A ni kumpa mgeni anwani mpya na ufunguo wa nyumba ya zamani. Tuliandika skripti fupi inayofanya mambo matatu kwa mpangilio: inaufuta usajili kwa A kwa amri ya setspn -D, inausajili kwa B kwa setspn -S, ambayo kabla ya kuandika hukagua kama jina limeshachukuliwa, kisha inabadilisha mwelekeo wa lakabu katika DNS. Hata hivyo kompyuta ambazo tayari zina tiketi ya zamani huweza kuendelea kuishikilia, maana uhai wa kawaida wa tiketi hizo ni saa 10; kwa kompyuta kama hizo mtumiaji hutoka na kuingia upya.

Tatu, muda wa kukumbuka. Rekodi ya DNS katika Windows huwekwa kwa kawaida na uhai wa saa 1, na ndani ya saa hiyo kompyuta inaweza kuendelea kwenda kwenye anwani ya zamani bila kuuliza tena. Tuliishusha lakabu yetu hadi sekunde 300. Kwa jina moja tu, mzigo unaoongezeka kwa seva za DNS hauhisiki. DNS yenyewe ilikuwa tayari juu ya seva mbili tofauti, na ninalitaja hili kwa sababu ofisi iliyoweka DNS yake ndani ya mashine ile ile ya printa itakuwa haijafanya chochote.

Suala la draiva lilitugawa mimi na mwenzangu kwa muda. Windows ina zana ya PrintBrm inayoweza kuzikusanya foleni, milango, karatasi maalumu na draiva za seva moja katika faili moja na kuzifungua katika seva nyingine. Ni rahisi kuipangia ifanye hivyo kila usiku, na pendekezo la kwanza lilikuwa hilo. Lakini nakala ya kila usiku ingeichukua draiva mbovu ya Ijumaa na kuifikisha B kabla ya Jumatatu. Tukakubaliana kwamba mabadiliko ya foleni yahamishwe siku ile ile kwa mkono, na draiva mpya ikae A wiki nzima, ichapishe kila aina ya hati tunazozitumia, ndipo ivuke kwenda B. Hasara ya uamuzi huo tunaijua. Tangu Microsoft ilipoufunga upenyo wa usalama wa spula uliopewa jina la PrintNightmare na namba CVE-2021-34527, uliotangazwa Julai 2021, kuweka au kusasisha draiva kutoka seva ya printa kunahitaji haki za msimamizi. Kwa hiyo tukihama ndani ya wiki ambayo draiva za A na B hazilingani, baadhi ya kompyuta zinaweza kuomba nywila ambayo karani hana. Tuliona ni afadhali fundi atembelee madawati machache yanayoitumia printa hiyo kuliko printa zote 14 kulala.

Sambamba na hilo tuliwasha kitu ambacho kilikuwepo muda wote bila sisi kukitumia. Tangu Windows Server 2008 R2, draiva inaweza kutengwa ikaendeshwa katika mchakato wake nje ya spula, kiasi kwamba ikianguka inaanguka peke yake. Si kila draiva inakubali kutengwa, na watengenezaji wengine hawalisemi hili wazi, lakini ya lebo ilikubali. Ningekuwa nimeliweka hilo mapema, Jumatatu ile ingekuwa habari ya printa moja ya ghalani.

Njia mbili nyingine tulizipima kwa muda mfupi. Kuweka mbele ya seva mbili kifaa cha kuzigawia kazi za uchapishaji kulituonekana ni kuongeza kitu kingine cha kuharibika kwa ofisi ya ukubwa wetu. Kuondoa seva kabisa, kila kompyuta izungumze na printa moja kwa moja kwa mlango wa TCP 9100, kulikataliwa na uhasibu, ambao hutumia kumbukumbu za seva kujua idara ipi imechapisha nini. Na sisi mafundi hatukutaka kuisimamia draiva kwenye kila dawati. Hata hivyo tulilichukua wazo hilo kwa sehemu moja: kompyuta ya dawati la vibali vya kutoka ina printa yake ya pili iliyounganishwa kwa njia hiyo, yenye jina “Kibali – dharura”, ili hata seva zote mbili zikilala, lori litoke.

Kuhusu mahali pa kuiweka B, mpango wa kwanza uliiweka juu ya A, katika rafu ile ile, chini ya UPS (betri ya akiba ya umeme) ile ile na swichi ya mtandao ile ile. Umeme wa Tanga hukatika, na si kukatika tu, bali pia hurudi kwa kishindo. Na chumba kile kina kiyoyozi kimoja. B ikahamishiwa ghalani, katika kabati la chuma lililoinuliwa kutoka sakafuni, ikapewa UPS yake na swichi yake. Fundi wa umeme alikuwa ameshaunganisha printa ya leza kwenye UPS hiyo kwa nia njema, tukaiondoa: kipande kinachoyeyusha wino wa leza juu ya karatasi huvuta umeme mwingi kwa ghafla kinapopata moto, na UPS ndogo huzidiwa hapo hapo.

Printa zenyewe nazo zilihitaji akiba, lakini hapo hapakuwa na mengi. Dawati la nyaraka lilikuwa na printa mbili za aina moja zilizosimama bega kwa bega, tukaziweka chini ya foleni moja ili kazi iende kwenye ile iliyo huru. Sharti la mpango huo ni kwamba printa ziwe na draiva moja na zikae pamoja, la sivyo mtumiaji hajui karatasi yake imetokea wapi. Hewa ya pwani huilegeza karatasi iliyokaa wazi, na wakati wa masika robo tatu ya misongamano ya karatasi iliyotuita pale ilitokana na rimu zilizofunguliwa na kuachwa mezani. Bi Mkubwa mwenyewe ndiye aliyeagiza kwamba rimu isifunguliwe mpaka trei iwe tupu.

Tulifanya jaribio la kwanza Jumamosi mchana, kazi ikiwa ndogo. Tuliichomoa A mtandaoni bila kumwarifu mtu, tukaendesha skripti, tukahesabu muda. Printa zilirudi baada ya dakika 40, muda ambao ulituvunja moyo, na sehemu yake kubwa ilikuwa sisi kugundua kwamba B haikuwa imewekwa ile thamani ya DnsOnWire ambayo wote wawili tuliamini mwenzake ameiweka. Tukairekebisha, tukarudia, ikawa dakika 9.

Lakini somo zito la siku hiyo lilitoka getini. Baada ya kuridhika na B, tuliirudisha A mtandaoni ili tuikague. A iliamka, spula yake ikasoma folda ya foleni, ikakuta kazi zilizokuwa zikisubiri tulipoichomoa, na ikazichapisha. Miongoni mwake kulikuwa na vibali viwili vya kutoka ambavyo makarani, walipoona havitoki, walikuwa wameshavituma upya kupitia B, na malori yake yalikuwa yameshaondoka. Karani wa zamu akaviona kwenye printa, akadhani vimesahauliwa, akavigonga muhuri na kuviteremsha getini. Mzee wa getini, ambaye huandika namba ya kila kibali katika daftari lake kwa kalamu, alivikataa.

“Namba hizi zimeshatoka, mwanangu. Nani anataka kutoa mzigo mara mbili?”

Hakuna aliyetaka. Lakini karatasi mbili halali zenye muhuri, za mzigo uleule, zilikuwa zimeshikwa mkononi, na kilichozuia zisitumike kilikuwa daftari la mzee na umakini wake. Kwa ofisi ya mizigo, kibali kilichotoka mara mbili ni hatari kuliko kibali kilichochelewa. Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja wakati wa kupanga; nilikuwa nimeitazama foleni iliyobaki kwenye seva iliyokufa kama kazi zilizopotea, na kumbe hazikupotea, zilikuwa zinasubiri.

Tangu siku hiyo utaratibu wa kuirudisha seva iliyoanguka umeandikwa na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati. Seva huwashwa ikiwa imechomolewa waya wa mtandao, spula husimamishwa, mafaili ya folda ya PRINTERS huhamishiwa folda ya ukaguzi yenye tarehe, na orodha yake hupelekwa kwa Bi Mkubwa, ambaye huamua ipi ichapishwe upya na ipi ifutwe. Fundi haamui. Mfumo wa vibali nao ulibadilishwa na aliyeuandika, ili kibali kikichapishwa mara ya pili kibebe neno NAKALA kwa herufi kubwa juu yake.

Swali la kufanya kugeuka kuwe kwa kiotomatiki liliulizwa, na tulilikataa. Tuna kichunguzi kinachoangalia kila dakika kama spula iko hai na kama ipo kazi iliyokaa foleni kwa zaidi ya dakika tano, nacho hututumia ujumbe wa simu. Kitu cha pili ndicho muhimu zaidi, kwa sababu spula inaweza kuwa hai na isitoe karatasi. Uamuzi wa kuhama unabaki kwa mtu, kwa kuwa kuhama kuna gharama: kazi zilizoko kwenye foleni zinabaki nyuma, watumiaji wachache wanatoka na kuingia upya, na mashine isiyojua tofauti ya printa iliyoishiwa karatasi na spula iliyokufa inaweza kuigeuza lakabu huku na huku asubuhi nzima.

Tumeamua pia kwamba B isikae bure. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunaigeuza lakabu, na seva iliyokuwa ya akiba inafanya kazi ya kweli mwezi mzima. Kila mara tunagundua kitu kidogo: foleni ya printa mpya iliyosahauliwa upande mmoja, ukubwa wa karatasi usiolingana, anwani ya printa iliyobadilika. Ni afadhali kuvigundua Jumamosi.

Katika masika yaliyofuata A ilikufa kweli, safari hii kwa kisambaza umeme kilichoungua baada ya umeme kurudi. Ilikuwa saa tano asubuhi, zamu ya mwezi ikiwa yake. Mwenzangu aliendesha skripti, na dakika ya nane dawati la nyaraka lilikuwa linachapisha. Kazi 6 zilibaki katika diski ya A, zikaorodheshwa, na Bi Mkubwa akazifuta zote, kwa kuwa makarani walikuwa wameshazituma upya.

Kinachobaki sasa ni waya. Ghala na ofisi vimeunganishwa na kebo moja iliyopita chini ya uwanja wa malori, na winchi ikiikata, B itakuwa nzima upande mmoja na printa 11 upande wa pili. Tumeomba kebo ya pili ipite ukuta wa nyuma, mbali na ile ya kwanza, na kasma yake imeingizwa katika bajeti ya mwaka ujao.